Mkono wa Mheshimiwa Kinamasi

Usiku wa jana niliota nimeteuliwa kuwa Mnadhimu wa Kambi ya Mazingira bungeni, na hakuna aliyeniuliza kama nina nafasi. Nilikuwa kwenye foleni ya mafuta ya taa, chupa mkononi, mara foleni ikawa korido ndefu yenye zulia jekundu, na yule muuza mafuta akawa Mpambe wa Bunge, amevaa glavu nyeupe.

"Umechelewa, Bwana Mnadhimu," akaniambia.

"Nilikuja kununua mafuta ya taa."

"Kambi yako haitumii mafuta ya taa. Weka chupa hapo."

Nikaiweka. Chupa ikasema asante, ikaenda zake.

Kwa ambaye hajawahi kuota bunge, nieleze. Mnadhimu ni mchungaji wa wabunge. Kazi yake ni kuhakikisha kengele ikilia kila mbunge wa kambi yake yumo ndani, ameketi, hajasinzia kupita kiasi. Katika bunge hilo la ndotoni mnadhimu mwenyewe si mbunge, kama mchunga mbuzi asivyokuwa mbuzi. Na mimi mbuzi nimefuga, kwa hiyo sikuogopa. Ningeuliza kwanza wabunge wenyewe ni akina nani, ningeogopa.

Mpambe akanipeleka ofisini kwetu. Kambi nyingine zina ofisi zenye makochi na viyoyozi. Yetu ilikuwa nje, chini ya bomba linalovuja, kwa sababu wenyewe walikikataa kiyoyozi kwa kauli moja. Hao hawafanyi jambo ila kwa kauli moja.

"Hamjambo?" nikasema.

Wakateta kwanza. Kisha wakajibu wote pamoja, "Hatujambo."

Aliyekuwa karibu nami ni Mheshimiwa Mboji, katibu wa kambi: lundo kubwa la maganda ya ndizi, majani makavu na samadi ya ng'ombe, limevaa tai. Kila azimio la kambi hupewa yeye alitunze. Ukimwuliza mwezi unaofuata azimio liko wapi, anakuonyesha udongo mweusi, mzuri kabisa. "Limeiva," anasema.

Pembeni yake alikuwepo Mheshimiwa Nyuki. Huyo ni kundi zima la nyuki, lakini kura yake ni moja, kwa hiyo kabla hajasema neno lazima wakubaliane kwanza humo ndani. Ukimkaribia unasikia ugomvi.

Wenyeviti walikuwa wawili, maana kambi hii haimpi mtu mmoja cheo peke yake, inaogopa kitamlevya. Mwenyekiti mwenza wa kwanza ni Mheshimiwa Upepo, ambaye nilimtambua kwa kofia zilizokuwa zinaanguka. Wa pili ni Mheshimiwa Mvua, mama mnene mwenye mkoba, analia kidogo kila akizungumza. Si kwa huzuni. Ndivyo alivyo.

Na makamu wao alikuwa ametulia kwenye karai kubwa la bati, matete yamesimama wima, chura mmoja amekaa ukingoni kama mlinzi. Mheshimiwa Kinamasi. Huyo nilimfahamu. Ni yule wa kwetu, wa chini ya uwanja wa mnada, ambako akina mama wanalima magimbi.

"Shikamoo bibi," nikasema, maana yupo tangu kabla ya babu yangu.

"Marahaba mjukuu wangu. Umezeeka!"

"Ndiyo, bibi."

"Kandambili yako ya bluu bado ninayo."

"Ilikuwa ya kaka yangu."

"Mwambie haijachakaa."

Nikamwuliza kuna shughuli gani leo, mbona wote wamevaa vizuri. Akanijibu kwa sauti ya mtu anayekwambia chumvi imekwisha.

"Leo wananikausha. Mheshimiwa Zege ameleta hoja. Wanataka niwe maegesho ya malori. Hoja ikipita, mapumziko ya chai yatanikuta nimeshakauka."

"Unaogopa, bibi?"

Akatoa mapovu mawili matatu, akifikiri.

"Mimi mwenyewe sina neno. Nimekauka mara nyingi wakati wa ukame, nikarudi. Ila nina wageni. Korongo wangu wameshaondoka huko kwao kwenye baridi. Wanaruka hivi tunavyoongea. Hawana simu. Watafika wamechoka, watashusha miguu wakae, wakute malori."

Kambi nzima ikanyamaza kwa kauli moja.

Mboji ndiye aliyenieleza kanuni, akifukiza mvuke taratibu. "Iko hivi, Mnadhimu. Spika akitaka kura ya kawaida anasikiliza sauti, wanaosema ndiyo na wanaosema siyo. Wenzetu wana mashine za kukorogea zege. Sisi tuna Nyuki. Kwa kelele hatuwezi. Lakini kambi inayotambulika ina haki ya kudai kura ya mikono, mmoja mmoja, watu wakiangaliana usoni. Na wapo wengi mle ndani ambao gizani wangemkausha bibi, ila mbele ya macho yake hawawezi."

"Kambi inatambulikaje?"

"Ikiwa na wabunge watano walioketi."

Nikahesabu. Mboji, Nyuki, Upepo, Mvua, Kinamasi. Watano. Nikasema basi kazi imekwisha, twende tukanywe maji.

"Leo ni siku ya mzunguko," akasema Upepo, akipita.

Kambi hii ina desturi yake, sijaisikia kwa watu wengine. Mbunge akifika nusu ya muhula anaacha kiti, anampisha anayefuata kwenye foleni, ili asije akakizoea kiti mpaka akadhani alizaliwa nacho. Ni desturi nzuri, ningependa hata mjumbe wa mtaa wetu aisikie. Tatizo ni kwamba nusu ya muhula wa Mheshimiwa Mvua ilikuwa imeangukia siku hiyo hiyo.

"Ahirisheni mpaka kesho," nikasema.

Wakaniangalia kana kwamba nimepiga mluzi msibani.

"Mnadhimu," akasema Mvua, machozi yanamchuruzika kwa kawaida yake, "tukiziweka pembeni kanuni zetu kila zinapotuuma, tutakuwa na tofauti gani na Zege?"

"Tofauti ni kwamba bibi atakuwa hai!"

"Mwache aende," akasema Kinamasi. "Huyo tangu nimjue hajabaki kwa kuombwa."

Mvua akachukua mkoba wake, akatuaga mmoja mmoja, akaanza kupanda juu kama mvuke. Sketi ilitangulia. Viatu vilifuata baadaye kidogo, vikapita juu ya paa la bunge, akawa hayupo.

Aliyefuata kwenye foleni ni Mheshimiwa Umande. Binti msafi, anang'aa, amekuja mapema kuliko wote. Akaapishwa pale pale kwenye majani. Akainua uso, akaapa kuilinda katiba kwa sauti nyororo, na alipofika "Ee Mungu nisaidie" jua likachomoza juu ya jengo. Alimalizia kiapo hana miguu. Tulipomgeukia kumpongeza palikuwa na unyevu tu. Bunge likatoa salamu za rambirambi, likamsifu kwa utumishi uliotukuka.

Nyuma ya Umande kwenye foleni alikuwa amesimama Ukungu, lakini mwenyewe hakuwa na hakika kama yupo.

Kengele ikalia. Tulikuwa wanne.

Nikalibeba karai la bibi, tukaingia. Korido sasa ni mashine ya kusaga. Tunaingilia juu pamoja na mahindi, tunatokea chini ndani ya ukumbi, unga mabegani. Hakuna anayeshangaa. Mboji anasema pumba zimemfaa.

Aliyekuwa kwenye kiti cha enzi ni Spika, Mheshimiwa Tusajigwe, mwanamke mwembamba mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba. Mbele yake amekaa Bwana Mtengeti, karani wa bunge, ambaye kazi yake ni kuhesabu na hapendi kusemeshwa akihesabu. Kati yao kuna meza, na juu ya meza Mpambe ameilaza siwa, lile rungu la dhahabu la bunge.

Ng'ambo amekaa Mheshimiwa Zege, ndani ya mashine yake, anazungushwa na wasaidizi wawili wenye suti, maana akiacha kuzunguka anaganda. Akiwa juu anazungumza. Akizama maneno yanapotelea humo, akiibuka anaendelea.

"Mheshimiwa Spika, naona wenzetu wa majani wamekuja na karai." Akazama. Akaibuka. "Wanataka kutufulia?"

Upande wake ukagonga meza kwa furaha.

"Taarifa, Mheshimiwa Spika!" akasema Nyuki, baada ya kukubaliana.

"Taarifa gani?"

Hawakuwa wamekubaliana hiyo. Wakarudi ndani kuijadili.

"Mnadhimu," akasema Spika, "nasikia kambi yako inadai kura ya mikono."

"Tunadai, Mheshimiwa Spika."

"Mko watano mlioketi? Karani, hebu."

Bwana Mtengeti akaja na kidole chake. "Mboji ameketi. Nyuki ameketi. Kinamasi ameketi. Huyu mwingine yuko wapi?"

Upepo alikuwa kwenye jukwaa la wageni, anainua vitenge vya watu.

"Hajaketi," akasema Mtengeti.

"Nakuja, nakuja," akasema Upepo, akaenda.

Hapo nikatumia akili yangu. Nyuma ya kiti cha Spika Mpambe alikuwa ameegesha baiskeli. Nikachomoa mpira wa ndani wa gurudumu, nikambembeleza Upepo aingie humo, nikafunga vali. Nikauweka mpira kitini. Ulikuwa umejaa vizuri, mduara kabisa.

"Ameketi," nikasema.

Mtengeti akaubonyeza kwa kidole gumba, kama fundi. "Huyu si Upepo. Huyu ni Hewa."

"Ni yule yule!"

"Upepo ni ule unaokwenda. Ukishakaa ndani ya mpira ni hewa tu, na Hewa hakugombea. Mheshimiwa Spika, wameleta mtu ambaye hakuchaguliwa."

"Utaratibu!" Zege akapiga kelele, akazama, akaibuka. "Wanatuingizia mamluki!"

"Samahani," ukasema mpira kwa sauti nyembamba, "hata mimi mwenyewe sijielewi tena."

Nikafungua vali. Akatoka kwa aibu, anapiga mluzi.

Ndipo Kinamasi akaongea, polepole, kama anaongea na mtoto wa jirani. "Upepo mwanangu. Umezunguka tangu asubuhi. Njoo ulale."

Matete yake yakainama kidogo. Kisha yakanyooka. Mapazia ya ukumbi mzima yakashuka, karatasi zikalala mezani, na kwenye karai la bibi ikasikika pumzi ya mtu aliyechoka. Mtengeti akalamba kidole, akakiinua hewani, akasubiri.

"Ametua," akasema. "Haya, huyo nampa. Wanne."

"Wa tano?" Spika akauliza.

"Yuko njiani, Mheshimiwa Spika."

"Anatokea wapi?"

Nikaangalia mlango, labda atatokea mtu. Mlango ukaniangalia.

"Usinitazame mimi," ukasema. "Mimi ni aluminiamu."

Nikaangalia kiti nilichokishika.

"Mimi ni maranda yaliyogandishwa kwa gundi," kikasema. "Asili yangu siijui."

Ng'ambo walikuwa wameshaanza kujaza vifua vyao pumzi ili wapige kelele ya ndiyo. Chura wa bibi akashuka ukingoni, akaingia ndani, kama mtu anayekwenda kufunga mizigo.

"Wewe kijana," ikasema sauti kavu kutoka mezani.

Ilikuwa siwa.

Nikasogea. Watu wakadhani naenda kumwomba Spika mwongozo.

"Mimi ni mninga," siwa ikanong'ona. "Hii dhahabu ni rangi tu. Kabla ya hapa nilikuwa mti kwenye kile kilima cha juu ya mnada wenu, na mizizi yangu ilikuwa inashuka kunywa kwa huyo bibi. Nabebwa humu kila siku kama bibi harusi, naingizwa, natolewa. Hakuna aliyewahi kuniuliza niko kambi gani."

"Siwa haina kambi."

"Haikuulizwa."

"Kanuni inaruhusu?"

"Kanuni inasema bunge haliwezi kuketi bila mimi kuwa mezani. Haisemi mimi siwezi kuketi bila bunge."

Ningekaa nikatafakari maneno hayo, ningeona yanakoelekea. Lakini mnadhimu anayetafuta mbunge hatafakari. Nikasema karibu.

Siwa ikabingirika, ikaanguka chini kwa kishindo, ikajiinua, ikarukaruka mpaka upande wetu, ikaketi kando ya Mboji. Mpambe akajifunika uso kwa glavu zake. Mboji akasogea kidogo, akamwambia karibu ndugu, mimi na wewe tutaonana tu mwisho wa safari.

Mtengeti akahesabu tena, kidole kikasita mbele ya siwa, kikaendelea. "Watano."

"Kambi inatambulika," akasema Spika, akavaa miwani. "Tutapiga kura ya mikono. Wanaoafiki Mheshimiwa Kinamasi akaushwe, nyosheni."

Upande wa Zege ukanyosha. Lakini nikaona kwenye viti vya katikati watu wengi mikono iko mapajani, macho kwenye karai. Kulikuwa na bwana mmoja mnene, ameinua wake nusu, akakutana uso kwa uso na bibi, akajifanya anajikuna kichwa. Mtengeti alipomaliza kuhesabu akapandisha nyusi. Hawakufika walikotaka.

"Wanaopinga, nyosheni."

Watu wa katikati wakatugeukia. Hao huwa hawanyoshi mpaka mwenye shida anyoshe kwanza.

Na sisi tukaangaliana.

Hao waheshimiwa wamekaa chini ya lile bomba miaka yote, wakakubaliana kwa kauli moja juu ya maji, misitu, samaki, hata harufu. Wakaandika kanuni, wakapanga foleni, wakadai kura ya mikono. Hakuna hata mmoja aliyewahi kugundua kwamba kambi nzima haina mkono.

Mboji akajitahidi, akanyosha mvuke. Nyuki akainua miguu yake yote, haikuonekana. Upepo alikuwa amelala. Siwa ikasimama wima kadiri ilivyoweza. Mtengeti akaitazama kwa muda. "Hii inafanana na mkono," akasema. "Lakini mwenye shida ni yule."

Zege alicheka mpaka kokoto zikaruka. "Mheshimiwa Spika!" Akazama. Akaibuka. "Wamedai mikono, hawana mikono! Hawa ndio wanaotaka kutuongoza?"

"Mjukuu wangu," akasema Kinamasi. "Wewe unayo miwili."

"Mimi si mbunge, bibi. Kura yangu haihesabiwi."

"Sikuombi kura. Naazima mkono."

Spika akamtazama Mtengeti. Mtengeti akatazama dari, alikohifadhi kanuni. "Kanuni inasema mkono uinuliwe. Haisemi uwe umeota wapi. Lakini sharti uwe wa mbunge."

"Akiutia kwangu utakuwa wa nani?" bibi akauliza.

Hapakuwa na mtu mle ndani ambaye hajawahi kupoteza kitu kwenye kinamasi. Mpira, kiatu, ndama, funguo. Na hakuna aliyewahi kurudishiwa.

"Ni wake," akasema Spika. "Hilo halina ubishi."

Nikakunja shati. Nikautia mkono wa kulia kwenye karai, nikidhani nitagusa bati. Sikugusa bati. Ukaenda, ukaenda, mpaka kwapani. Kulikuwa baridi. Viluwiluwi wakaja kunikagua vidole. Kitu laini cha mpira kikapita, nikajua ni kandambili ya kaka yangu. Nilipoinua kichwa hapakuwa na ukumbi tena, ni magimbi mpaka mwisho wa macho, viti vya bunge vimezama nusu, waheshimiwa wamekunja suruali, na Spika ameshika viatu vyake mkononi bila kulalamika.

Nikautoa mkono. Nikauinua juu. Ulikuwa unachuruzika maji, na haukuwa wangu. Nilikuwa nimeubeba tu.

"Napinga," akasema Kinamasi.

Yule bwana mnene akaacha kujikuna, akanyosha. Jirani yake akanyosha. Wakafuata wengine, huku na huku kati ya magimbi, mikono ikaota kama matete.

Mtengeti akaja akiyakanyaga maji, kidole mbele. "Mmoja," akasema. Kisha akasimama. Alikuwa anaitazama meza.

"Mheshimiwa Spika. Siwa haipo mezani."

"Iko wapi?"

"Imeketi kambini."

"Basi bunge haliketi."

"Haliketi, Mheshimiwa."

"Basi naliahirisha."

"Huwezi, Mheshimiwa. Bunge ambalo haliketi haliahirishwi."

"Siwa irudi."

"Nikirudi," ikasema siwa, "hawa wanabaki wanne, na kura yenu ya mikono haikuwahi kuwepo. Tutaanza kupigiana kelele."

Spika akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa joho, akaivaa. "Basi kila mtu abaki alivyo mpaka tupate ufumbuzi. Hesabu imesimama. Atakayeshusha mkono ameiafiki hoja."

Wasaidizi wawili wa Zege, watu watiifu, nao wakabaki walivyo. Mashine ikasimama. Zege akafungua kinywa aseme "Utaratibu", akaganda hivyo hivyo. Shomoro akaja akatua kwenye mdomo wa chini.

Tukakaa. Sijui ni muda gani, ndoto haina saa ukutani. Bega likaanza kuniwaka.

"Mheshimiwa," akasema yule bwana mnene pembeni yangu, kwa sauti ya chini. "Wako unauma?"

"Unauma."

"Hata wangu."

Nilimpenda bwana yule, sijui hata jina lake.

"Bibi," nikasema, "mpaka lini?"

"Mpaka wageni wangu wafike. Wakishatua watu watapata haya. Bunge hili limefanya mengi, lakini kumfukuza mgeni aliyeshakaribia ndani, bado."

"Wako wapi sasa?"

Akatulia, anasikiliza kitu chini kabisa kwenye tope.

"Juu ya jangwa. Wanapokezana nafasi ya mbele, anayechoka anarudi nyuma. Kama sisi." Kisha akasema, "Usiushushe, mjukuu wangu."

"Siushushi."

Nikaamka.

Kumeshakucha, kuku wako nje, na mimi nimelala chali kitandani, mkono wa kulia umesimama kuelekea dari. Mke wangu yuko mlangoni na bakuli la uji.

"Baba Nakiete," akasema, "unaomba ruhusa ya kwenda wapi?"

"Nimeshika kura ya watu."

"Ya nani?"

Nikamweleza yote, kuanzia chupa ya mafuta ya taa, bila kuushusha. Nilipofika kwa Umande alikuwa ameshakaa chini anacheka, uji unamwagika. Nilipofika kwa mpira wa baiskeli akanishika mguu, akasema, "Basi, baba, basi, mbavu zangu. Wiki iliyopita ulikuwa hakimu wa sisimizi. Shusha mkono, uji unapoa."

"Hawajamaliza kuhesabu."

"Ushushe, mzee wewe, watu wasije wakadhani nimekupiga!"

Akainuka aushushe mwenyewe. Akanishika vidole. Akaacha kucheka.

Vidole vilikuwa baridi, vyeupe, vimejikunjakunja kama vya mtu aliyefua mablanketi kutwa nzima. Akavinusa. Akauchukua mkono wangu wa kushoto, akaugeuza huku na huku. Ulikuwa mkavu, mkono wa kawaida wa mzee. Akapapasa shuka, akapapasa godoro, akainua macho kwenye bati kutafuta panapovuja. Hakukuwa na tone.

"Umefua nini?" akaniuliza.

Nje kulisikika lori linapanda gia, zito, limejaa kifusi, linaelekea chini kwenye uwanja wa mnada. Tukalisikiliza wote wawili mpaka likapotea. Bega lilikuwa linanitetemeka sasa, mkono umeanza kuinama wenyewe.

Mke wangu akaketi ukingoni mwa kitanda, akaingiza bega lake chini ya kiwiko changu, akakisukuma juu. Halafu akachota uji kwa kijiko, akanipelekea mdomoni.

"Kunywa," akasema. "Na usiutikise."